Gari la Baba Liko Juu ya Mawe

Njooni tukae, wadogo zangu. Leo nina barua moja tu, na sitaki kuikimbiza. Nilipoimaliza mara ya kwanza ilibidi niweke simu chini, nikatoka nje, nikasimama uani kitambo nikiangalia Menengai.

Imetoka kwa binti wa Maili Kumi, hapa hapa Bahati, Nakuru. Baba yake atatimiza miaka sabini mwezi wa Desemba. Mwaka 1984 mzee huyo alinunua pikapu ya Peugeot 504, nyeupe, kwa pesa za pareto na maziwa. Ndiyo iliyowapeleka watoto wote shule za bweni na masanduku yao ya bati. Mwaka 1999 karo ikabana, akaiuza kwa jirani. Jirani aliitumia miaka kadhaa, na mwaka 2010 akaiinua juu ya mawe ndani ya banda la mabati. Mpaka leo iko hapo. Jirani mwenyewe amefariki, na wanawe wako tayari kuiuza. Mdogo wangu huyu na ndugu zake wamechanga. Wanataka kuinunua kimyakimya, waipeleke gereji mjini, na siku ya sherehe wamwite mzee nje aikute inang'aa mlangoni. "Dada," ananiuliza, "tukianza sasa tutawahi Desemba? Na tuangalie nini ili tusiuziwe mbuzi kwenye gunia?"

Nitakujibu yote mawili, mdogo wangu. Lakini kuna la tatu ambalo hukuuliza, na ndilo lililonitoa nje. Mwambie baba. Mwambie sasa hivi, kabla hamjatoa hata shilingi ya kwanza.

Najua unaona nakuharibia furaha. Ngoja nikusimulie tulivyofanya sisi.

Letu lilikuwa 504 pia, lile refu la safu tatu za viti. Wenyewe tuliliita Pijo, kama kila mtu. Baba alikuwa akishuka nalo Nakuru alfajiri, mikebe ya maziwa nyuma na majirani mbele, na jioni anarudi na unga, mbolea, na yeyote aliyekosa usafiri. Alipoacha kuendesha, gari likahamia kwa baba mdogo kule Dundori, na likakaa miaka kumi na minne chini ya mabati, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Sisi watoto tukapata wazo kama lako. Kaka aliyeko Qatar akatuma pesa, sisi tulio hapa tukaongeza, tukalibeba gari usiku juu ya lori ili baba asisikie. Miezi minane tulimficha. Tukimpigia fundi simu tunatoka nje ya nyumba, na mama tukamwapisha asiseme.

Siku ikafika. Baba akalizunguka gari mara mbili bila kusema neno. Tulikuwa tumelipaka rangi nyekundu iliyokolea, kwa sababu gereji ilituambia hiyo ndiyo inayopendeza siku hizi. Akafika mlango wa nyuma, akaupapasa kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Akauliza, "Hapa palikuwa na bonde. Liko wapi?" Tukamwambia kwa furaha kwamba tumelinyoosha. Akatushukuru, akatuombea, akatubariki mmoja mmoja. Kisha akaingia ndani akaketi.

Ni mama aliyetueleza baadaye. Usiku mmoja wa mvua mwaka 1987 mke wa jirani alishikwa na uchungu, na baba akarudi nyuma kwa pupa akagonga nguzo ya lango. Hakusimama hata kuangalia. Mtoto alizaliwa salama hospitalini Nakuru, na leo ni mwalimu. Baba hakulinyoosha bonde lile maisha yake yote ya kuendesha, si kwa kukosa pesa. Na kulikuwa na daftari ndani ya kisanduku cha dashibodi, la hesabu za maziwa na majina ya watu aliowabeba bure. Panya walikuwa wameling'ata pembeni. Fundi alilitupa pamoja na uchafu wa kiota, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwambia lina maana, kwa kuwa sisi wenyewe hatukujua kuwa lipo.

Hilo la daftari bado linaniuma, nikiliandika hapa linaniuma.

Ndiyo maana nakuambia: gari lile si chuma tu, lina mambo ambayo baba yako peke yake anayajua. Ukilifufua bila yeye utayafuta mengine kwa mikono yako mwenyewe, tena kwa upendo.

Tena usidhani mzee hatalijali kwa kuwa ni kuukuu. Kizazi chao waliyaona magari haya yakijithibitisha. Mwaka 1963, mwaka ambao magari saba tu ndiyo yaliyomaliza Safari Rally, la kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff. 404 ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Kisha 504 ikapokea kijiti: Ove Andersson mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Mkulima aliyesikia hayo redioni wikendi ya Pasaka hakuhitaji muuzaji wa kumshawishi. Gari lililoyaweza matope ya Safari lingeyaweza matope ya njia ya Dundori. Nyumba nyingi ninazozijua kuanzia Lanet hadi Kabazi zina historia moja: gari lilinunuliwa pareto ilipokuwa inalipa, likapanda mawe pareto iliponyauka. Kwa hiyo baba yako akiliona lile banda haoni pikapu peke yake. Anaona jinsi alivyosimama imara, na pia anaona siku aliyolazimika kuuza.

Hilo la kuuza lishike vizuri. Mzee aliyeuza gari lake ili alipe karo yako huenda alishalizika jambo hilo moyoni. Huenda akafurahi lirudi, huenda akaumia. Huwezi kujua mpaka umuulize, na usimuulize mbele ya watu. Mpelekee chai mkiwa wawili, umwambie, "Baba, wale vijana wa jirani wanataka kuuza ile pikapu. Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza. Mwache azungumze kwa kasi yake. Akisema, "Achaneni nayo," usimbishie siku hiyo wala kesho yake.

Na mama pia ana sauti. Sisi hatukumuuliza, tulimpa siri tu aibebe. Gari lilipokwisha kurudi ndipo akatuambia kwa upole kwamba tangi la maji limepasuka mwaka mzima na anachota kwa jirani. Pesa ya rangi nyekundu peke yake ingenunua tangi na mifereji. Tulimnunulia mwezi uliofuata, lakini nilijisikia vibaya kwamba alisubiri wakati sisi tunanunua vifuniko vya magurudumu.

Sasa tuje kwenye karatasi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoliwa.

Kabla ya kuzungumza bei, tafuta jina lililoko kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka inayosajili magari. Andika namba ya gari, lipia utafutaji kwenye mfumo wao, uone mmiliki ni nani. Namba ya pikapu yenu itakuwa ya herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi mwishoni, kwa kuwa herufi ya mwisho ilianza kuwekwa mwaka 1989. Magari ya umri huo mara nyingine rekodi yake imebaki kwenye faili za karatasi, haijaingia kwenye mfumo. Ukiambiwa haipo, usikate tamaa na pia usinunue. Kwanza waombe wenye gari wafuatilie mpaka ionekane.

Hapo unaweza kukutana na jambo ambalo hukulitarajia. Miaka ile ya tisini watu wengi waliuziana gari kwa makubaliano ya maandishi mezani, logbuku ikabadilisha mikono, lakini jina halikubadilishwa kamwe. Inawezekana kabisa kwamba kwa serikali pikapu ile bado ni ya baba yako! Ikiwa hivyo, hakuna utakachofanya bila yeye kujua, maana yeye ndiye mwenye sahihi. Wala msidhani hapo mmelipata bure. Jirani alilipa. Lipeni familia yake haki yao na muandikiane, mashahidi wawepo pande zote mbili.

Kama jina ni la marehemu jirani, mambo ni mengine. Gari hilo ni sehemu ya mirathi. Mwana mmoja hawezi kuliuza kwa kuwa tu ndiye anayeshika ufunguo wa banda. Sheria ya Urithi ya Kenya inamhesabu anayegusa mali ya marehemu bila kibali kuwa mkosaji, na wewe uliyenunua kwake utabaki na chuma kisichohamishika jina. Njia halali huanza kwa chifu, anayeandika barua ya kutambulisha warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa. Kisha ombi linapelekwa mahakamani, tangazo linatoka kwenye Gazeti rasmi la serikali, na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Hati ya usimamizi ikitolewa, kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita. Ndipo msimamizi anaweza kukuhamishia gari.

Kwa hiyo hilo la Desemba, mdogo wangu, jibu liko hapo. Kama wana wa jirani hawajaanza mirathi, hamtawahi. Kama wameshamaliza, waombe wakuonyeshe hati iliyothibitishwa, na uisome mwenyewe kuona pikapu imetajwa. Familia nyingi hukimbilia mashamba wakasahau gari lililo bandani, na hapo watahitaji kurudi mahakamani liongezwe. Atakayekuambia, "Lipa tu, karatasi tutashughulikia baadaye," mkaribishe chai, na pesa yako ibaki mfukoni.

Na jina jipya liwe la nani? Liwe la mzee. Mchango wa kila mmoja wenu uandikwe mahali, kisha muandike pia kwamba ni zawadi, hakuna atakayekuja kudai gurudumu lake. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa sababu ya jambo kama hilo.

Karatasi zikinyooka, nenda bandani. Na nenda na baba. Hakuna fundi Nakuru nzima atakayelijua gari lile kama yeye. Ataujua mlio wa mlango, atajua sehemu gani iliwahi kuchomelewa na mwaka gani.

Mwangalie kwanza adui mkubwa, kutu. Injini hufufuka na spea hupatikana, lakini bodi iliyoliwa humeza pesa bila kushiba. Bahati inakupa nafuu moja: sisi hatuna chumvi ya bahari, na gari lililokaa huku juu mara nyingi lina hali nzuri kuliko la umri wake lililokaa Mombasa. Ila tuna ukungu wa msituni, mvua ndefu, na mabanda ya sakafu ya udongo, na unyevu unaopanda kutoka chini hufanya kazi usiku na mchana. Inua zulia uone sakafu. Lala chini uangalie fremu yote, si mbele tu. Pitisha vidole sehemu ya chini ya milango, pale maji yanapotuama. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini, uitembeze juu ya bodi. Panapokataa kushika pamejazwa fila, na chini yake huenda hakuna chuma. Na kama kuku walikuwa wakilala juu ya boneti, angalia rangi kwa makini, maana kinyesi chao huila mpaka kwenye bati.

Soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye gari lenyewe, uilinganishe na logbuku tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo na ya injini. Zikitofautiana, simama hapo hapo uulize.

Halafu kuna kosa moja ambalo nakuomba usilifanye hata ukisukumwa na kijiji kizima. Vijana watafika, watafurahi, na mmoja atasema, "Tulisukume, litawaka!" Kataa. Gari lililokaa zaidi ya miaka kumi, ringi za pistoni huenda zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu. Ukililazimisha kuzunguka, ringi zinavunjika, kuta zinakwaruzwa, na injini ambayo ingeamka kwa upole inakuwa ya kufumuliwa yote. Fundi anayejua hutoa plagi, humimina oili kidogo katika kila silinda, huacha siku kadhaa, kisha huzungusha injini kwa spana, kwa mkono, polepole, huku akisikiliza. Yetu ilichukua siku tisa kabla haijasogea. Baba aliponisimulia jinsi wao walivyokuwa wakifanya zamani, ilikuwa ni hivyo hivyo.

Petroli ya zamani ndani ya tangi haifai hata kuonja. Ikikaa miaka inageuka gundi yenye harufu kali, na gundi hiyo ikifika kwenye kabureta inaziba vijitundu vyote. Tangi lishushwe, lioshwe, likaguliwe kutu ndani. Waya zote zifuatwe moja moja, kwa kuwa panya hupenda ngozi ya waya, na waya uliovuliwa huwasha moto gari ambalo ndio kwanza limeamka. Mipira ya maji, mikanda, vichujio, oili zote: badilisha, usibembeleze.

Breki mzitengeneze kabla ya injini kuwaka. Nalisema kwa uzito. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na miaka kumi na kitu inatosha kuvifanya vijisilinda vya magurudumu kuwa kutu tupu. Fundi wetu wa kwanza alianza na injini kwa sababu mlio wake unafurahisha wateja. Tuliilipia furaha hiyo kwa hofu: mara ya kwanza mmoja wetu alipolitoa uani, kanyagio lilizama mpaka sakafuni, na ni ua wa michongoma uliolisimamisha. Fikiria kama ingekuwa kwenye mteremko wa Subukia.

Tairi nazo zina namna yake ya kudanganya. Meno yataonekana mapya, hasa kama jirani alilipandisha mawe mapema kama wazee walivyojua, kupunguza uzito. Lakini mpira huzeeka hata bila kutembea. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2309, ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi hiyo ifanye kitalu cha sukuma, usiifunge kwenye gari la mzazi wako.

Kuhusu spea, 504 ina rehema yake. Iliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi mwaka 2004, zaidi ya miaka 20 baada ya Ufaransa kusimamisha ile ya saluni, na Nigeria nako waliendelea nayo miaka hiyo. Kwa hiyo vipuri vilibaki madukani na kwenye mabanda ya watu. Nairobi, anza Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Nenda na kipuri kikuukuu mkononi, usiende na maelezo ya mdomo. Na ukipata nafasi mwezi wa Septemba, fika kwenye Concours d'Elegance pale Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa ambayo yamekuwepo tangu 1970. Hamtaki kushindana, najua. Ila pale utakutana na watu wenye magari ya umri wa baba yako wanaopenda sana kuulizwa, na mmoja wao atakuelekeza kwa fundi anayestahili. Msidharau thamani yake pia. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari kuukuu lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo 504 nzima ikishaoza huku, hakuna meli itakayokuletea nyingine kirahisi.

Fundi sasa. Usitafute gereji yenye sakafu ya vigae. Mtafute mzee au mwanafunzi wa mzee, mtu aliyewahi kuishi na magari haya. Muulize kabureta ya 504 inarekebishwaje, umtazame mikono anapojibu. Anayejua hueleza kwa vidole. Lipa kazi kwa hatua, na hatua ikikamilika ndipo ulipe inayofuata. Piga picha kila kitu kabla hakijafunguliwa. Nunua kreti mbili, kila kinachotolewa kiingie humo, hata kama fundi anakiita takataka, na kreti zirudi nyumbani mpaka baba azipekue. Sisi kabureta yetu nzima ilibadilishwa na nyingine dhaifu gereji ile ya kwanza, tukagundua tumeshalipa. Ndipo tukalihamishia gari kwa fundi wa jua kali hapa Bahati, mtu mtaratibu, na yeye jambo la kwanza alilouliza lilikuwa, "Mwenye gari yuko wapi?"

Tukamleta baba. Hapo ndipo kazi halisi ilipoanza, na ningependa uione ilivyokuwa. Alipewa stuli karibu na gurudumu la mbele. Siku ya kwanza alitazama tu. Siku ya pili akamwambia fundi kwamba gia ya pili haitaki kulazimishwa, unaisubiri. Wiki ya pili alikuwa amevaa koti lake la kazi ambalo hatukujua kama bado lipo, anashika tochi, anamfundisha kijana wa gereji jinsi ya kusikiliza vali kwa kuweka bisibisi sikioni. Mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja alikuwa akitoka shule moja kwa moja mpaka pale. Miezi ile mitatu baba alinisimulia habari ambazo sikuwa nimezisikia miaka arobaini: jinsi alivyojifunza kuendesha, deni lililomnyima usingizi, abiria aliyemlipa kwa kondoo. Siku moja akakumbuka majina kadhaa ya lile daftari. Niliyaandika upya, yale aliyoyakumbuka.

Rangi tulirudisha nyeupe. Na hapo jifunzeni kitu: rangi ya gari imeandikwa kwenye logbuku. Ukiibadilisha lazima utoe taarifa NTSA wabadilishe kumbukumbu, la sivyo askari wa barabarani ana haki ya kukuuliza maswali. Sisi tulipaka nyekundu bila kumwambia mtu, kwa hiyo tulikuwa na makosa mara mbili. Bonde la mlango wa nyuma halikurudi. Baba alikataa tulipojitolea kuligonga tena.

Mfikirie pia mwili wa mzee. 504 ya wakati ule usukani wake ni mzito gari likiwa limesimama, na klachi inataka goti lenye nguvu. Muulize anataka kufanya nini na gari: kuendesha, kuendeshwa, au kukaa ndani yake jioni asikilize redio? Kila jibu lina gharama yake. Anayetaka kuendesha apimwe macho kwanza, na leseni yake iwe hai. Funga mikanda ya usalama iliyo imara kwenye viti vyote. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria hata kama gari litaishia kanisani na kurudi; ukitaka kubwa zaidi, uliza mapema, maana kampuni nyingi husita kwa magari ya umri huo mpaka yakadiriwe thamani. Baba yangu alitaka jambo moja: kumpeleka mama hija Subukia kama zamani, na wazee wawili wa jumuiya nyuma. Tulipojua hilo, tuliacha kununua mapambo, pesa yote iliyobaki ikaenda kwenye breki na tairi. Walikwenda. Mmoja wetu aliendesha kwenye mteremko, baba akashika usukani kule kwenye tambarare.

Gharama? Sisi tulililipia gari kidogo, na kulifufua kukala zaidi ya mara tatu ya bei hiyo, theluthi nzima ikiwa ni kurekebisha makosa ya siri yetu. Pangeni hivyo. Pesa ikiisha katikati, msikope. Lifunikeni vizuri, sakafu kavu, likae juu ya mawe mwaka mwingine. Limeshazoea kusubiri.

Na Desemba isikuumize. Sherehe ya miaka sabini ifanyeni kama mlivyopanga, na nyama, na keki, na wajukuu. Kesho yake asubuhi, baridi ikipungua, mchukueni mzee mwende naye mpaka kwa jirani. Wana wa jirani wawe wamefagia banda na kuwatoa kuku. Mpe tochi aishike yeye. Boneti aifungue yeye, hata ikigoma, msimsaidie mpaka aombe. Mwingine wenu awe na kalamu na daftari jipya. Na mbebe stuli.